Bi Leo Aliyetaka Jina Lake Lifutwe

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, afisa wetu wa maendeleo ya vijana, ambaye humu ofisini hakuna anayemwita kwa jina jingine ila Bi Leo, anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Mhariri wa jarida hili aliwaomba watu wawili wenye kalamu nzuri waandike wasifu wake. Wa kwanza akasema yuko safarini. Wa pili akasema ataandika kesho, na Bi Leo aliposikia hivyo akaagiza kazi apewe mtunza stoo, kwa sababu ndiye aliyegombana naye kwa muda mrefu kuliko wote. Mtunza stoo ndiye mimi, na maneno hayo ni ya kweli tupu.

Jina hilo alipewa na vijana, nasi tukalidaka. Zamani zile kijana akienda ofisi yoyote ya mji kutafuta cheti, kibali au hata muhuri tu, aliambiwa aje kesho. Kesho ikifika, anaambiwa tena kesho. Bi Leo akaanza kuwasindikiza. Hakuwa na makelele. Akilisikia neno lile aliuliza kwa upole, "Kwani leo kuna nini?", kisha anakaa kwenye benchi, mfuko wake magotini na kijana wake ubavuni, mpaka mtu mle ndani achoke kutazamwa. Karani mmoja wa usajili alifikia hatua ya kuanza kutafuta muhuri pindi tu anapomwona anavuka lango.

Wengi hamjui kwamba aliingia hapa kama mpiga chapa. Kazi yake ilikuwa kuchapa ripoti za mabwana wakubwa kuhusu vijana waliosahaulika, na alizichapa kwa kasi hata mashine zenyewe zikawa zinalalamika. Siku moja akamuuliza mkuu wa wakati ule vijana hao wanapatikana wapi, maana amewachapa mwaka mzima na hajawahi kumwona hata mmoja. Mkuu akamwambia achape. Akachapa mpaka saa ya chakula, akatoka, akateremka bondeni peke yake, na akarudi ofisi zikiwa zinafungwa, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Kuanzia siku hiyo hakukuwa na kiti kilichoweza kumshika. Mwaka uliofuata wakampeleka kwenye kazi za nje, nadhani ili kuokoa mazulia.

Bondeni ni pale chini ya soko, ambapo nyumba zimeegemeana na mfereji unapita katikati. Gari la taka la mji halikuwahi kufika huko, ingawa waliokuwa wakibeba taka za watu wa juu mlimani walikuwa ni vijana wa huko huko bondeni, kwa mikokoteni waliyojiundia wenyewe. Walikuwemo waliotoka mahabusu, waliokatishwa shule, wasichana waliofukuzwa nyumbani na watoto wao mgongoni, na fundi mmoja mwenye mkono mmoja ambaye breki zake za mkokoteni zilikuwa moto wa kuotea mbali. Hawakuwa na kibali, kwa hiyo askari wa mji waliwakimbiza. Asubuhi wanabeba taka za watu, mchana wanafukuzwa kama wezi wa taka hizo hizo. Bi Leo aliliona jambo hilo na likamkaa rohoni. Hakulipokea kama masikitiko, alilipokea kama kazi.

Kazi yenyewe aliifanya kwa mtindo wake. Hakuitisha semina, na hakuwauliza vijana wanahitaji nini. Alisema ukimuuliza mtu mwenye njaa anahitaji nini atakujibu unachotaka kusikia, ili mradi umalize upesi. Yeye alitaka kwanza kujua wanafanya nini, na njia ya kujua ilikuwa kusukuma mkokoteni pamoja nao. Kila mwajiriwa mpya wa kitengo chake alianza na wiki nzima ya kusukuma, awe na shahada, awe na kucha zilizopakwa rangi. Tulipoteza wawili watatu kwa njia hiyo. Waliobaki ndio nguzo za ofisi hii.

Nami sikusalimika. Niliwahi kuuliza, kwa nia njema kabisa ya mtunza stoo, kwa nini glovu za bondeni zinaisha upesi namna ile. Asubuhi hiyo hiyo nikajikuta kwenye mteremko wa soko nimeshika mkokoteni uliojaa, nyuma yangu msichana mwembamba mwenye mtoto mgongoni akinipigia kelele: "Mzee, egemea nyuma! Egemea, utatuua!" Nilijikaza kisabuni hadi chini. Tangu siku hiyo glovu nazitoa bila swali, ila viti sita vya kukunja alivyovichukua Bi Leo kwa ajili ya mkutano bado navidai, na kustaafu hakufuti hilo.

Msichana yule ndiye anayeitwa Kapteni, na jina lake lilitokana na kelele hizo. Alikuwa bado mdogo, hajasoma hata nusu ya shule, lakini kwenye mteremko mikokoteni yote ilisikiliza sauti yake. Bi Leo hakumfundisha kuongoza. Alimkuta anaongoza, akamtafutia wenzake wa kukaa naye chini wapange. Hapo ndipo kikundi kilipozaliwa, na lengo likawa moja: baraza la mji liwape kazi ya kuzoa taka za soko na mitaa yake kwa mkataba, mchana kweupe, bila kukimbizwa na mtu.

Baraza lilikataa, likakataa tena, na Bi Leo akaendelea kukaa kwenye benchi lao. Mwishowe wakakubali kuwapa vijana majaribio. Nakumbuka vijana walivyojifunga vibwebwe. Walifagia mpaka sehemu ambazo hakuna aliyejua kwamba chini yake kuna saruji. Na katika moto huo huo wa kutaka kuonekana, wakaibeba milango ya zahanati.

Tuelewane: hawakuiba. Milango ilikuwa imeng'olewa ili ipakwe rangi, ikaegemezwa ukutani nyuma ya jengo, kando ya mapipa ya taka. Mtu aliyezoea kuokota mbao kwenye mapipa akiona mbao kwenye mapipa, anaokota. Kufika uwanja wao wa kuchambulia, milango ikaingia kwenye fungu la mbao, na kutoka hapo ikanunuliwa na mfugaji wa kuku. Zahanati ilipofunguliwa asubuhi, wauguzi walikuwa wakitibu watu nyuma ya mashuka. Milango ilipofuatiliwa ikapatikana yote, lakini mmoja tayari ulikuwa ukuta wa banda na kuku walikuwa wameshauzoea.

Bi Leo alikuwa akifahamiana na muuguzi mkuu. Simu moja ingetosha kulimaliza. Hakupiga. Alimwambia Kapteni na wenzake waibebe milango wenyewe, waingie wenyewe, waseme wenyewe. Yeye aliwafuata hadi ndani ya jengo, akakaa na wagonjwa kwenye benchi, na kila mara muuguzi mkuu alipomgeukia ili atoe maelezo, yeye alikuwa anatazama dari. Kapteni alieleza yote, sauti ikimtetemeka, kisha wakaifunga milango. Ule uliotoka bandani waliufunga juu chini, kitasa kikawa usawa wa kifua cha mtu mzima. Ni wa chumba cha chanjo. Muuguzi mkuu aliutazama, akafikiri, akasema uachwe hivyo hivyo, maana watoto hawatakifikia wakitaka kutoroka sindano. Uko vile mpaka leo, nenda ukaone.

Zahanati ilisamehe, lakini baraza halikusamehe kirahisi. Lilitoa kazi kwa sharti: awepo mtu mzima mwenye ajira inayojulikana, atie saini kuwa mdhamini, na vijana wakikosea yeye ndiye atakayeulizwa. Mkataba ungekuwa wa mwaka mmoja mmoja, na kila mwaka saini yake iwepo. Bi Leo alitia saini kwa sababu watu walikuwa wanataka kula. Lakini aliyekuwa naye siku hiyo ni mimi. Tulipofika mlangoni mwa stoo akasema hatastaafu kabla jina lake halijafutwa kwenye karatasi ile. Kwake yeye, mtu mzima anayedhaminiwa kila mwaka bado anaitwa mtoto, hata kama analisha nyumba.

Sasa mjue jinsi alivyofanya kazi kwa miaka yote iliyofuata. Vijana walijifunza kuandika zabuni wenyewe, hata zile za kwanza zilizotia aibu. Walijifunza kumwambia mfanyabiashara mwenye kitambi kwamba pipa lake limepasuka. Mabishano yao waliyamaliza wenyewe. Ukimpelekea Bi Leo kesi, alikuuliza kama umeshamwambia mwenzako, na kama bado, mazungumzo yaliishia hapo. Katika vikao vyetu vya ofisi neno "walengwa" lilikuwa halipiti mbele yake. Mtu akilitamka tu, anaulizwa kama amekuja na manati. Mkurugenzi mmoja aliyetutembelea kutoka makao makuu alilitamka mara nne katika hotuba moja, na nadhani hakuelewa kwa nini wafanyakazi wote walikuwa wameinamisha vichwa wakitikisika mabega.

Hakuwa mtu rahisi. Alikuwa mbishi, alikuwa king'ang'anizi, na akikata shauri hata mvua hupita pembeni. Nyumbani walilipia gharama yake. Mume wake, dereva wa malori aliyestaafu kabla yake, alijifunza kupika akiwa na mvi. Binti yao wa mwisho aliwahi kumwambia mama yake mbele yetu kwamba angezaliwa bondeni wangeonana zaidi. Tulicheka sote, na Bi Leo naye alicheka, lakini jioni hiyo aliondoka mapema, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Mwaka huu mambo yakafika shingoni. Baraza lilijua mdhamini anastaafu, likasema wazi: ama kikundi kilete mdhamini mwingine, ama kazi ipewe kampuni yenye malori. Hapa ofisini tulidhani jambo ni jepesi. Mkurugenzi wetu alikuwa tayari kutia saini. Hata mimi nilijitolea, na nilijiona mtu mwema sana. Bi Leo akaja juu. Alituambia tumempa mtu mkongojo miaka yote hii na miguu yake mizima, na sasa tunahangaika kumtafutia mkongojo mpya. Tukamwambia anacheza na mkate wa watu. Akasema ni kweli, ndiyo maana uamuzi hautakuwa wake, wala wetu.

Kikundi kikakutana uwanjani kwao, kati ya mafungu ya chupa na vyuma chakavu. Waliokuja wakiwa vijana sasa ni baba na mama za watu. Wana kodi za nyumba, wana watoto shuleni. Wapo waliosema bila kuficha kwamba mkurugenzi atie saini, watu wale kwanza, heshima itafuata. Bi Leo hakuwabishia. Aliomba ruhusa, akatoka nje ya uzio ili asiwepo wakati wa kupiga kura. Nilikuwa nimemsindikiza, nikakaa naye juu ya makreti yaliyopinduliwa. Ndani tulisikia watu wakipandishiana sauti. Safari hii alikuwa na hofu, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akiogopa ofisi, askari wala mkurugenzi. Aliniambia wakichagua mdhamini atakubali, ataondoka bila manung'uniko, ila atajua kwamba miaka yote amejenga nusu ya kitu.

Jua lilikuwa limeshageuka Kapteni alipotoka, shati limelowa jasho. Alimshika bega akasema, "Mama, jina lako linatoka. Na hakuna linaloingia." Bi Leo aliitikia kwa kichwa tu. Nilidhani atafurahi, kumbe alikuwa ameanza kuhesabu kilichobaki, na kilichobaki ni baraza.

Kwenye kikao cha kamati Bi Leo alikaa safu ya nyuma kabisa, akakataa kuongea alipoitwa. Mjumbe mmoja alifufua ile hadithi ya milango, na ukumbi ukacheka kwa namna isiyopendeza. Mwenyekiti akauliza swali ambalo wote tulilijua linakuja: bila mdhamini, vijana hawa wakiharibu, baraza litamshika nani? Kapteni akasimama. Hakuwa na karatasi. Akasema, "Mheshimiwa, mtushike sisi. Njia ya kwetu mnaijua, mmekuja kutukamata mara nyingi. Safari hii mtatukuta kazini, na mtatukuta wote."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Wakatutoa nje wakashauriana muda mrefu, na waliporudi mkataba ulikuwa umepita kwa kura moja. Ni wa miaka mitatu badala ya mmoja, umeongezwa mitaa ya juu mlimani, na penye nafasi ya mdhamini pamepigwa mstari. Fundi wa breki alisaini kwa mkono wake mmoja, taratibu, herufi moja moja, na ukumbi mzima ukamsubiri. Mimi nililia, sioni sababu ya kuficha. Bi Leo alikuwa ananitafutia leso ndani ya mfuko wake.

Hapo ndipo nilipotaka kuumalizia wasifu huu. Lakini wiki iliyopita aliingia ofisini amechelewa, kitu ambacho hajakifanya tangu enzi za mashine za kuchapa, akaanza kusimulia kabla hajakaa.

Mtaa anaoishi ni mmojawapo wa ile mitaa mipya ya mlimani. Asubuhi hiyo mkokoteni ulifika kwao kwa mara ya kwanza chini ya mkataba mpya, ukiongozwa na kijana mgeni kabisa kikundini, ambaye Bi Leo hajawahi hata kumwona. Kijana akafungua pipa, akatazama, akalifunika, akalifunga utepe mwekundu na kuanza kuondoka bila kuzoa kitu. Mume wake akatoka mbio na kandambili zake kumweleza pipa lile ni la nani. Bi Leo alikuwa dirishani, anasikia kila kitu. Kijana akajibu kwa adabu zote: "Shikamoo, mzee. Namjua, tumeambiwa habari zake. Lakini chupa hazikai na maganda. Tenganisheni, tutapita tena Alhamisi." Akasukuma mkokoteni wake akaenda zake, hakugeuka nyuma.

Bi Leo anasema alisimama pale dirishani akashindwa kutoka. Mume wake aliporudi ndani amekasirika, alimkuta mkewe anacheka huku machozi yanamtoka, na akaogopa akataka kumwita jirani. Alipomaliza kutusimulia nasi tukawa hatujui tucheke au tufanyeje. Kwa miaka yote ile tulikuwa tukimuuliza atajuaje kwamba kazi yake imekwisha, na hakuwahi kutupa jibu lililoeleweka.

Bi Leo, kwa niaba ya wafanyakazi wote, waliosukuma mkokoteni na waliokimbia kabla ya kuusukuma, tunakushukuru. Umetufundisha kukaa kwenye benchi na mtu mpaka mlango ufunguke, na kutazama dari wakati anajisemea mwenyewe, ambalo ndilo gumu zaidi. Tunamshukuru mzee wa nyumbani kwa kutuazima wewe, na binti yenu wa mwisho sasa aje achukue haki yake. Uende ukapumzike kwa afya na furaha, siku zako ziwe ndefu na zisizo na foleni.

Na Alhamisi usisahau, chupa upande wake, maganda upande wake. Hatuna wa kukudhamini.